Uzi: Jumba la Pavlovsk, kutoka zawadi ya Malkia hadi majivu ya 1944, na watu waliolishika mkononi

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kuna nyumba moja imenikaa kichwani tangu nilipokuwa mwanafunzi wa uhandisi wa majengo kule Saint Petersburg, Urusi. Inaitwa Pavlovsk. Iko kilomita kama 30 kusini mwa jiji. Unapanda treni stesheni ya Vitebsky, ukishuka unavuka barabara tu, tayari umo ndani ya bustani yake, na bustani hiyo ni msitu wa hekta takriban 600.

Mara ya kwanza nilikwenda mwezi wa kumi, mwaka wangu wa pili wa masomo. Mfukoni nilikuwa na nauli na hela ya kiingilio, basi. Majani yalikuwa yamegeuka manjano na mekundu yote kwa pamoja, kitu ambacho kwetu hatukioni. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye benchi akanimiminia karanga kiganjani, akanionyesha niinamishe mkono. Kindi akateremka mtini, akaja mpaka kwenye vidole vyangu, nikahisi kucha zake ndogo. Yule bibi akaniambia niende kulitazama jumba, na nikishalitazama niulize nani alilijenga mara ya pili.

Swali lile ndilo lililonifanya nirudi pale kila msimu mpaka nilipomaliza chuo. Nitaandika kwa vipande maana ni mambo mengi. Mwenye swali aulize, nitajibu nikipata nafasi.

Twende mwanzo. Desemba 1777 Malkia Catherine wa Pili alipata mjukuu wake wa kwanza wa kiume, Alexander. Kwa furaha ile akampa mwanawe Paul na mkwewe Maria Feodorovna ardhi kando ya mto Slavyanka, takriban ekari 1,000 za pori na mashamba, pamoja na vijiji viwili na watwana waliokuwa wakiishi humo. Someni vizuri hapo: watu walitajwa kwenye zawadi pamoja na miti. Paul kwa Kirusi ni Pavel, na ndiko jina Pavlovsk lilikotoka.

Zawadi yenyewe ilikuja na uchungu ndani yake. Catherine alimchukua yule mtoto akamlea mwenyewe, na aliyefuata, Konstantin, akamchukua vilevile. Wazazi wakabaki na shamba. Mimi huwa naona hapo ndipo Maria alipoanza kulipenda lile shamba kama mtu anavyompenda mtoto.

Kwanza zilijengwa nyumba mbili za mbao, moja ikaitwa Paullust na nyingine Marienthal, kwa Kijerumani, maana Maria alikuwa binti wa Württemberg. Mwaka 1782 ndipo ulipowekwa msingi wa jumba lenyewe. Msanifu alikuwa Mskoti, Charles Cameron, mtu aliyekuwa amezama katika ujenzi wa Warumi wa kale. Mtindo wake ndio huu tunaouita klasiki mamboleo: ulinganifu wa kushoto na kulia, nguzo za Kigiriki, kuta tulivu zisizo na mapambo ya kupayuka. Katikati ya Pavlovsk kuna kuba pana lililo chini, na kulizunguka kuna nguzo nyembamba 64. Kuta ni za manjano, nguzo nyeupe. Theluji ikianguka, ile rangi ya manjano inakuwa kama taa iliyowashwa mchana.

Naendelea kesho.

#2

Mkuu, naweka kambi hapa. Mimi ni wakili, kazi yangu kubwa ni mirathi, kwa hiyo swali langu ni moja: mali ilikuwa ya nani? Ya mume, ya mke, au ya Malkia aliyetoa?

#3 – Mleta uzi

Shukrani wakili, umegusa penyewe.

Mwanzoni ilihesabika ya wote wawili, lakini aliyekuwa na sauti hapa ni Maria. Wakati Cameron anajenga, wenyewe walikuwa safarini Ulaya, 1781 hadi 1782, wakitumia majina ya kujificha, Comte na Comtesse du Nord, ingawa kila jumba walilofika walijulikana. Walinunua samani, saa, shaba, hariri na sanamu za kale. Ufaransa, Louis wa 16 na Marie Antoinette walimpa Maria seti ya meza ya kujipambia ya kauri ya Sèvres, ya buluu iliyokolea na dhahabu. Bado ipo Pavlovsk. Nimesimama mbele yake mpaka mlinzi akanitazama mara mbili.

Mizigo hiyo ilipofika ndipo ugomvi ulipoanza. Cameron alishapanga kila chumba kiweje, na bibi mwenye nyumba anamletea makochi na mapazia aliyochagua mwenyewe. Kila aliyewahi kusimamia ujenzi wa nyumba ya mtu anaijua vita hii. Mwishowe kazi za ndani akapewa Mwitalia, Vincenzo Brenna.

Sasa hati. Mwaka 1783 Catherine alimpa Paul shamba jingine, Gatchina, lililokuwa la Grigory Orlov, aliyekuwa amefariki mwaka huohuo. Paul alipenda gwaride na ngome, Gatchina ikamfaa. Mwaka 1788 Pavlovsk ikawa rasmi mali ya Maria peke yake. Kwa hiyo jibu lako, wakili: ya mke, kwa jina lake, mume akiwa hai.

Na huyu mama hakuwa wa kukaa tu. Alikuwa na mashine ya keezo, akikereza pembe za ndovu na kaharabu kwa mikono yake, na vitu alivyotengeneza vimo humo ndani. Mwaka 1795 alifanya jambo ambalo nawaomba mlikumbuke tutakapofika kwenye vita: aliandika maelezo ya jumba lake, chumba kwa chumba. Meza gani iko wapi, kitambaa gani kimefunika kiti gani, chombo gani kiko juu ya meko. Aliandika kwa Kifaransa, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba nzima.

Mwaka 1796 Catherine alifariki, Paul akawa Kaizari. Machi 1801 maofisa wake wakamvamia usiku ndani ya kasri lake jipya mjini na kumuua. Maria akabaki mjane. Alijenga katika bustani ya Pavlovsk jengo la kumbukumbu kama hekalu dogo la Kigiriki, katikati ya misonobari, na juu yake yameandikwa maneno ya kumkumbuka mume mfadhili. Ukilifika mahali pale, njia inazama kidogo na miti inaziba mwanga. Nadhani ni sehemu ya huzuni kuliko zote pale.

Januari 1803 jumba likaungua. Huu ni moto wa kwanza. Andrei Voronikhin ndiye aliyelirudisha, na miaka ya 1820 Carlo Rossi akaongeza maktaba. Bustani nayo ilikuwa mikononi mwa Pietro Gonzaga, mchoraji wa mandhari za jukwaa la maigizo, aliyepanga miti kama anavyopanga rangi: ipi itaanza kugeuka manjano, ipi itabaki kijani nyuma yake. Ile picha ya mwezi wa kumi niliyoiona mimi ilipangwa na mtu miaka 200 iliyopita.

#4

Mleta uzi, mimi nimevutiwa na huyo mama. Alipofariki mali ilikwenda kwa Kaizari mwanawe au iligawanywa?

#5 – Mleta uzi

Dada, hapa ndipo wakili atafurahi.

Maria alifariki 1828. Kufikia hapo Alexander alishakufa na Kaizari alikuwa mwanawe mwingine, Nicholas wa Kwanza. Lakini Pavlovsk hakumwachia yeye. Alimwachia mwanawe mdogo, Mikhail Pavlovich, na akaweka masharti: vitu vya ndani visitawanywe, vibaki pale pale katika jumba, na mali ishuke kwa upande wa wanaume bila kukatwa vipande. Nyumba nyingi za aina hii Ulaya zilikufa kwa mgawanyo. Mtoto huyu anachukua picha, yule anachukua fedha, wa tatu anauza msitu. Pavlovsk ilikingwa na wosia.

Mikhail alikuwa mwanajeshi, jumba hakulibadilisha sana. Ila ni katika zama zake reli ya kwanza ya Urusi ilijengwa kutoka Saint Petersburg kupitia Tsarskoye Selo, ikafika Pavlovsk mwaka 1838. Ili watu wavutiwe kupanda treni, mwisho wa reli pakajengwa ukumbi wa muziki na chakula, ukaitwa kwa jina la bustani ya starehe ya London, Vauxhall. Warusi wakalitamka vokzal, na hadi leo vokzal kwa Kirusi ni stesheni ya treni. Kuanzia 1856 Johann Strauss mdogo alikuwa akija kiangazi baada ya kiangazi kuongoza okestra pale.

Mikhail alifariki 1849 bila kuacha mtoto wa kiume. Wosia ukafanya kazi yake: mali ikaruka kwa mtoto wa kaka yake, Konstantin Nikolaevich, mkuu wa jeshi la wanamaji. Huyu ni miongoni mwa waliosukuma watwana waachwe huru mwaka 1861, na pia miongoni mwa waliotaka Alaska iuzwe Marekani, ikauzwa 1867. Sehemu ya jumba aliifungua kama makumbusho, wageni wakaanza kuona.

Mrithi wake alipaswa kuwa mwanawe wa kwanza, Nikolai. Mwaka 1874 ikagundulika kwamba almasi zimeng'olewa kwenye ikoni (picha takatifu) ya mama yake, na kidole kikamwelekea yeye, ikisemwa alizichukua kwa ajili ya mwanamke wa Kimarekani aliyempenda. Ukoo ukamtangaza kuwa hana akili timamu, akafukuzwa mji mkuu, mwishowe akaishia Tashkent, ambako alichimba mifereji ya kumwagilia mashamba mpaka akaheshimika. Pavlovsk ikaenda kwa mdogo wake, Konstantin Konstantinovich, mwaka 1892. Alikuwa mshairi, akitia sahihi mashairi yake kwa herufi mbili tu, K.R. Alifariki hapo Pavlovsk mwaka 1915.

Kidogo nje ya mada, lakini kinatuhusu. Dada yao, Olga, alizaliwa Pavlovsk mwaka 1851, akaolewa na mfalme wa Ugiriki. Mjukuu wake ni Philip, mume wa Malkia Elizabeth. Desemba 1963 Philip ndiye aliyeiwakilisha Uingereza Zanzibar kwenye sherehe za uhuru, na siku chache baadaye Nairobi, usiku bendera ya Kenya ilipopanda. Wazee wetu waliokuwa uwanjani walimwona kwa macho.

Mmiliki wa mwisho kwa urithi ni mtoto wa mshairi, Ioann Konstantinovich. Baada ya mapinduzi ya 1917 alihamishwa na kupelekwa mashariki. Julai 1918 aliuawa karibu na Alapayevsk pamoja na wadogo zake wawili na ndugu wengine, wakatupwa kwenye shimo la mgodi. Mlolongo wa hati ulioanza na furaha ya mtoto kuzaliwa uliishia humo.

#6

Inasikitisha. Baada ya hapo serikali ikataifisha?

#7 – Mleta uzi

Ndiyo. Jumba likawa la umma, likafunguliwa kama makumbusho mwaka 1918. Katika miezi ile ya vurugu msomi wa sanaa aitwaye Alexandre Polovtsoff alifanya kazi kubwa kuhakikisha vitu haviporwi. Lakini si kila kitu kilisalimika: miaka ya 1920 na 1930 serikali yenyewe iliuza nje baadhi ya vitu ili kupata fedha za kigeni. Wosia wa Maria ulivunjwa hapo, na aliyeuvunja ndiye mwenye mali mpya.

Sasa vita. Hapa naomba niandike taratibu.

Tarehe 22 Juni 1941 Ujerumani iliivamia Urusi. Pavlovsk palikuwa na mhifadhi mwanamke wa miaka 28, Anna Zelenova. Kiangazi kile yeye na wenzake, wengi wao wanawake, walifunga vitu kwenye masanduku usiku na mchana. Samani zilikuwa nyingi kuliko nafasi. Wakaamua hivi: kama seti ya viti haiwezi kuondoka yote, kiondoke kimoja, ili siku moja fundi awe na cha kuigiza. Fikirieni hilo. Adui anakuja, na mtu anamfikiria fundi ambaye huenda hajazaliwa.

Masanduku yalipelekwa Gorky na Sarapul, miji ya mbali upande wa mashariki, mengine yakaishia kwenye vyumba vya chini vya Kanisa Kuu la Mtakatifu Isaac ndani ya Leningrad, jina la Saint Petersburg wakati ule. Sanamu za kale za Kirumi zilikuwa nzito mno kusafirishwa. Zikateremshwa chini ya jumba, zikasogezwa kwenye pembe ya mbali, na ukuta wa matofali ukajengwa mbele yake. Sanamu za bustani zilizikwa. Ile ya wanawake watatu, iliyochongwa kutoka jiwe moja la marumaru, ilifukiwa kwenye bustani ileile iliposimama. Zelenova alisisitiza mashimo yawe na kina cha karibu mita 3, kwa sababu mtu anayetafuta hazina huchoka kabla ya kufika huko.

Katikati ya Septemba Wajerumani wakiwa wameshaingia bustanini, aliondoka kwa miguu kuelekea Leningrad. Mzingiro wa mji ule ulidumu siku 872. Yeye na wahifadhi wa majumba mengine waliupita humo, kwenye baridi ya vyumba vya chini vya lile kanisa, wakilinda masanduku huku watu wakifa njaa barabarani.

Pavlovsk ilikombolewa tarehe 24 Januari 1944. Jumba lilikuwa linaungua. Paa limeanguka, kuba limeanguka, sakafu za ghorofa zimeshuka chini, mabomu yametegwa ardhini kote. Miti ipatayo 70,000 ilikuwa imekatwa. Banda la Waridi, ambako mwaka 1814 Maria alimpokea mwanawe Alexander aliporudi mshindi kutoka Paris, lilibomolewa mbao zake zikatumika kwenye mahandaki.

Ule ukuta wa matofali chini ya jumba ulikuwa mzima. Kwa miaka miwili na zaidi wanajeshi walitembea juu yake na hawakuujua.

#8

Mkuu, mimi ni fundi wa lipu na jipsamu, mwaka wa 19 huu kazini. Nieleze kitu kimoja. Nakshi za dari zikishaungua na kudondoka, utazirudishaje? Hata mwaka jana tu nilikataa kazi ya kurudishia ua moja la dari kwenye nyumba ya zamani kwa sababu sina mfano wake.

#9 – Mleta uzi

Fundi, wewe ndiye nilikuwa nakusubiri.

Walianza na majivu. Hakuna kifusi kilichotupwa kabla ya kuchekechwa. Kipande cha jani la jipsamu, nusu ya uso wa simba, kidole cha sanamu, vyote viliokotwa, vikaandikwa vilikookotwa, vikapangwa. Maelfu ya vipande. Ukipata hata ua moja zima kati ya maua 50 yaliyofanana, unalisafisha, unalitengenezea kalibu, unamimina, halafu unamaliza kwa mkono kwa sababu kalibu huacha makali yaliyolala. Hayo unayajua kuliko mimi.

Pale ambapo hakuna kipande, kulikuwa na picha za kabla ya vita, michoro ya wasanifu, na yale maelezo ya Maria ya 1795. Ndiyo maana niliwaomba mlikumbuke. Mwenye nyumba aliyekufa 1828 alikuwa anawajibu mafundi wa 1950 chombo kipi kikae wapi.

Kuhusu mafundi wenyewe, Leningrad ilifungua shule ya kuwafundisha vijana kazi hizi hata kabla vita havijaisha: wachongaji mbao, wapaka dhahabu, wachoraji wa dari, watu wa lipu. Vijana walionusurika njaa ndio walioshika patasi. Msanifu aliyeongoza kazi ya Pavlovsk miaka ya mwanzo ni Feodor Oleinik. Zelenova alikuwa mkurugenzi karibu muda wote, hadi 1979. Kumbi za kwanza zilifunguliwa 1957, na miaka ya 1970 vyumba vilikuwa vimekamilika. Katika majumba yaliyoungua kuzunguka Leningrad, hili ndilo lililotangulia kukamilishwa. Mwaka 1990 likaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na Saint Petersburg yenyewe.

#10

Swali la wakili tena, nisamehe. Kwa hiyo leo hati ni ya serikali ya Urusi?

#11 – Mleta uzi

Ndiyo, ni makumbusho ya serikali. Ila nikikaa nikafikiria walioimiliki kwa karatasi, Catherine, Paul, Mikhail, akina Konstantin wawili, Ioann, halafu dola, naona wengi wao walipita tu. Maria aliiandika. Zelenova hakuwa na karatasi yoyote inayosema hata tofali moja ni lake, na bila yeye leo pale pangekuwa na uwanja mtupu na kibao.

#12

Fundi wa #8 hapa. Je, kuna chochote walichokifanya ambacho hakikuwepo mwanzo? Maana sisi tukikarabati, mwenye nyumba huwa anataka tuongeze.

#13 – Mleta uzi

Kipo kimoja, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

Brenna alipojenga Ukumbi wa Kiti cha Enzi, Gonzaga, yule mpanga miti, alichora mchoro wa dari yake: nguzo zinazoonekana kupaa juu kana kwamba ukumbi hauna paa na unaona anga. Kwa wakati ule haukutekelezwa. Dari ikabaki nyeupe karibu miaka 160. Baada ya vita, wakati dari nzima inajengwa upya, mchoro ule ulikuwepo. Mchoraji Anatoly Treskin na wenzake wakapanda jukwaani na kuuchora, kwa mara ya kwanza.

Nilipoingia ukumbi ule miguuni nilikuwa nimevaa vile viatu vya kitambaa wanavyokuvika mlangoni usikwangue sakafu. Nikasimama katikati nikainua kichwa. Zile nguzo zilizochorwa zinabadilisha mwelekeo kadiri unavyotembea, kwa hiyo nilitembea polepole kutoka ukuta hadi ukuta, kichwa juu, na kurudi. Watu wengine wazima walikuwa wanafanya vilevile, kimya, wakigongana mabega na kuombana radhi.